Masikio Yangu Yalibaki Lumbadzi

Siku niliyoanza kazi nilifungwa macho kwa kitambaa cha jikoni. Aliyenifunga alikuwa Kiongozi Mkuu wa Matembezi, mzee wa Kimalawi mwenye ndevu nyeupe, ambaye pale lojini kila mtu alimwita Bambo. Loji ilikuwa nje kidogo ya Lumbadzi, kwenye shamba la mtu binafsi: nyumba chache za wageni, kipande cha msitu kando ya mto, na dambo, yaani lile bonde la majimaji lenye nyasi ndefu. Wageni walilala pale usiku mmoja au miwili kabla ya kwenda ziwani, na asubuhi walitaka watembezwe waone ndege wa porini.

Bambo aliniketisha juu ya jiwe akaniambia, "Taja unachosikia."

Nilitaja tetere, nikataja kwarara, nikataja tiva. Nikasema tiva wako wawili, dume na jike, mmoja anaanza na mwingine anamalizia, ila wanapokezana haraka mpaka mtu asiyejua anadhani ni ndege mmoja. Bambo akanifungua kitambaa.

"Nani alikufundisha?"

"Njaa," nikamwambia.

Na ilikuwa kweli. Mimi nimezaliwa Uvira, Kongo, upande wa uwanda wa Ruzizi, baba yangu analima mpunga. Kazi yetu sisi batoto ilikuwa kulinda shamba lisiliwe. Ukingoja umuone ndege kwa macho, ameshashiba. Unamjua kwa sauti akiwa bado mbali, na jiwe liko mkononi. Nilijifunza ndege kama adui. Kuwapenda kulikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa mtu mzima na mkimbizi hapa kambi ya Dzaleka, sina shamba la kulinda.

Ninyi vijana mnaoniuliza kazi ilikuwaje, sikilizeni vizuri, maana sasa mnadhani kazi ni kuwa na darubini shingoni. Bambo alikuwa anasema, "Macho ni ya wageni. Sisi tunalipwa kwa masikio." Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kutenganisha wito na wimbo. Wito ni neno fupi la kila siku: nipo hapa, nyoka yule, twendeni. Wimbo ni mrefu, ni wa dume anayetaka mke au anayelinda mipaka yake. Ukichanganya hivyo viwili utawapeleka wageni mahali ambapo ndege hayupo, utaona aibu.

Alinikataza kutafuna muwa njiani kwa sababu meno yanapiga kelele kichwani. Kila ndege tulimpa maneno ili tusimsahau. Bambo aliyaweka kwa Chichewa, mimi kwa Kiswahili. Kwake tetere alikuwa anamsema mke mvivu, kwangu alikuwa anadai mchele wake. Tulibishana juu ya hilo mpaka wageni wakacheka bila kujua tunabishana nini.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa kwenye dambo. Huko kuna sistikola, videge vya nyasi, vidogo, vya kahawia, vinavyofanana kama punje za mtama. Kuna wa aina nyingi na kwa macho hata bingwa anakwama. Sauti njo kitambulisho chao, na sauti zao ni nyembamba sana, ziko juu kabisa. Mmoja analia kama sindano ya cherehani ikikwaruza bati. Anayewajua sistikola kwa sikio, huyo ni mtu wa kazi. Mimi niliwajua wote wa dambo lile. Wageni walikuwa wanauliza lojini, "Yule Mkongo yupo?" Nisipokuwepo walikuwa wanaahirisha matembezi.

Kwa muda nilipelekwa Lilongwe mjini, mtaa wa Area 18, kuwatembeza kwenye bustani wale wageni wasio na nafasi ya kufika Lumbadzi. Niliona ndege wa mjini wanapandisha sauti ili washindane na honi za minibasi ziendazo mtaa wa Area 25. Niliporudi lojini nilimweleza Bambo. Akasema, "Maskini, na wao wanaishi kwa kupiga kelele." Aliacha kazi amepita miaka sabini, magoti yamechoka, lakini siku ya mwisho tulisimama pamoja ukingoni mwa dambo na bado alimsikia sistikola kabla yangu. Likumbukeni hilo. Miaka sabini na ushee, na alinitangulia.

Baada ya Bambo akaja Meneja mpya. Kijana msafi, viatu vinang'aa, amesomea mambo ya hoteli. Mimi aliniita madala, mzee kwa lugha yao ya mtaani, ingawa nilikuwa sijafika hata hamsini na tano. Aliona naongoza wageni asubuhi, jua likipanda ndege wananyamaza nami nakaa kivulini nangoja jioni. Hakupenda. Alidhani nimekaa bure. Hakujua kwamba sikio nalo linapumzishwa, kama mguu wa mchezaji.

Mvua zilipoanza akanunua mashine ya kufyekea nyasi, ile ya petroli unayojifunga mkanda begani, injini inanguruma karibu na shavu lako. Akaniita.

"Madala, kuanzia leo ukimaliza wageni unafyeka. Njia zote, na pembeni mwa dambo."

"Bwana Meneja, mimi nafanya kazi ya masikio."

"Hapa kila mtu anafanya kazi zote," akasema.

Nilifyeka wiki ya kwanza. Jioni kichwani kulikuwa na mlio, nzi wa chuma anayezunguka na hatui. Wiki ya pili hakuondoka hata asubuhi. Nikaenda ofisini. Tuliongea Chichewa, naandika hapa kwa lugha yetu.

"Bwana Meneja, mashine ile inaniua masikio. Stoo kuna vifuniko vya masikio vimening'inia msumarini, vimekuja pamoja na mashine. Naomba nivivae."

"Vile ni vya wafanyakazi wa kudumu, madala. We ni mtu wa ganyu, kibarua wa kutwa."

"Na mfanyakazi wa kudumu anayeendesha mashine ni nani?"

"Hakuna. Njo maana tumekupa wewe."

Jameni! Mniambie, kuna jibu la namna hiyo? Vifuniko vina mwenyewe lakini hana mashine, na mwenye mashine hana vifuniko. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii mimi ni wa ganyu tu. Akasema mkimbizi hawezi kuandikiwa kontra ya kudumu, kwamba sheria njo iko vile, kwamba yeye angependa. Angependa! Nilitamani kuvichukua vile vifuniko kwa nguvu, lakini mkimbizi akigusa kitu bila ruhusa anaitwa mwizi kabla hajafika mlangoni. Nikarudi kwenye nyasi. Nilijaza pamba masikioni. Pamba mbele ya injini ile ni mzaha mtupu.

Nilifyeka misimu kadhaa ya mvua. Nyumbani Dzaleka nilikuwa narudi Jumamosi jioni, na mke wangu, Mama Riziki, mshonaji, alikuwa anapigana na mimi kwa sababu simjibu. Alidhani nina kiburi. Siku moja alinitazama sana, akaacha kushona. Akasema kwa sauti kubwa, "We Baba Riziki, masikio yako yako Lumbadzi? Mdomo tu njo umeuleta nyumbani?" Tulicheka. Sasa nikikumbuka tulivyocheka, moyo unanichemka.

Halafu ikaja ile asubuhi. Nilikuwa na bibi mmoja mgeni na mume wake, watu wapole. Tulifika ukingoni mwa dambo, yule bibi akainua kidole, uso umechangamka.

"Huyo ni nani?"

Mimi sikusikia kitu. Upepo, na yule nzi wangu wa chuma, basi. Nikafuata kidole chake. Juu ya bua la nyasi, si mbali, alisimama sistikola, koo limevimba, mdomo unafunguka na kufunga, unafunguka na kufunga. Alikuwa anaimba kwa nguvu zake zote. Nilimwona anaimba. Mpaka ulimi nilikuwa nauona. Na hakuna hata uzi wa sauti uliofika kwangu.

Ningeweza kubahatisha. Najua nani anakaa wapi na kwa msimu gani, na yule bibi asingejua. Lakini mdomo ulikataa. Nikamwambia, "Mama, simsikii." Akadhani ninatania, akacheka, kisha akaniona uso akaacha.

Yule bibi alimweleza Meneja kwa nia njema, ili nisaidiwe. Nilisaidiwa kweli. Wiki hiyohiyo niliitwa ofisini, nikapewa mkono na soda.

"Ni uzee, madala. Kila kitu na wakati wake. Umefanya kazi nzuri."

"Uzee?" nikamwambia. "Bambo alikuwa na miaka sabini na ushee, alikuwa anasikia mbu akipiga chafya. Uzee gani huu unaoanza siku uliponunua mashine?"

Akasema tusigombane, tuagane kwa heri. Ile soda niliiacha palepale juu ya meza yake.

Nilikwenda kliniki. Mganga aliniangalia masikio, na kabla sijamwambia lolote akauliza, "Baba, ulifanya kazi ya mashine?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaniandikia kwenye karatasi ili nimuelewe vizuri: sikio likifa kwa kelele halifufuki, na zinazotangulia kufa ni sauti nyembamba. Zile zangu. Zile za mkate wangu. Kwarara bado namsikia, na tipitipi anapoita mvua namsikia akiwa karibu, maana sauti zao ni nene. Zile nyembamba zote watu wa loji wamezila. Siyo Mungu, siyo umri. Wamezila kwa sababu ya msumari mmoja wa stoo na neno moja, ganyu.

Kanisani wananiambia, Mzee, samehe, hasira inaozesha mifupa. Naitika amina. Lakini mimi nasema hasira yangu iko na akili. Mtu akivunja darubini ya loji anakatwa mshahara. Darubini ya kichwani mwangu ilivunjwa na wao, nani alikatwa?

Sasa niwaambie kitu kinachonichoma kuliko vyote. Binti yetu Riziki ana sikio. Alipokuwa mdogo nilikuwa nazunguka naye baada ya ibada, kule kwenye miti iliyobaki nyuma ya kambi, namfundisha wito na wimbo. Alimaliza sekondari hapa Dzaleka akakaa, hakuna kazi, anamsaidia mama yake kushona vifungo. Mwaka mmoja, karibu na Krismasi, gari likasimama mbele ya nyumba. Meneja. Yuleyule, viatu vilevile. Mama Riziki akamkaribisha kiti na chai, maana mgeni ni mgeni.

Akapaza sauti ili nisikie. "Madala, tunasikia binti yako ana sikio kama lako."

"Kama langu lipi?" nikamuuliza. "La zamani au hili?"

Akacheka kidogo, akaangalia chai. Akasema wageni wanalalamika, viongozi waliopo wanaonyesha ndege kwa simu tu, loji inataka mtu wa kweli. Akasema Riziki hatashika mashine.

"Andika," nikamwambia.

"Neno langu linatosha, madala."

"Neno lako sina masikio ya kulisikia. Njo maana nataka uandike."

Hakuandika. Alisema ofisi italiangalia. Nikasimama, nikamwonyesha mlango. Lakini Riziki alikuwa amesimama hapohapo mlangoni.

"Baba, mi naenda."

"Huendi!"

"Nikikaa hapa nitafanya nini? Nihesabu vumbi?" Alikuwa analia na amekasirika, amefanana na mimi kabisa. "We ulinipa hii kitu. Ulinipa ya nini kama siwezi kuitumia?"

Nilimwambia jambo moja tu: siku watakapokufunga ule mkanda begani, uufungue, uuweke chini, upande baiskeli ya kabaza uje nyumbani, hata kama hatuna unga wa nsima wa kesho. Akaniapia. Lakini najua njaa inavyokifanya kiapo, mimi mwenyewe nilifyeka misimu yote ile na mdomo wa kukataa nilikuwa nao.

Basi Riziki anafanya kazi Lumbadzi. Anasema bado hawajampa mashine. Anasema wageni wanampenda. Jumamosi jioni anarudi, anainama kwenye beseni uani kunawa miguu, mgongo amenipa. Natoka ndani polepole, nasimama mbali kidogo nyuma yake, naita jina lake kwa sauti ndogo kabisa, ndogo hata mimi mwenyewe siisikii, najua tu kwamba midomo imetikisika. Nangoja. Akigeuka anauliza, "Nini, Baba?" Namwambia, "Hakuna, nawa." Mpaka leo anageuka.