Utenzi Uliojalidiwa Kinyume

Mama yangu alikuwa amechoka kuitwa muongo. Kila zikitajwa tenzi nyumbani kwetu, Bagamoyo mjini, alisema babu yake alitunga utenzi mrefu, kwa herufi za Kiarabu, na enzi za mkoloni ukanunuliwa na mfanyabiashara aliyezunguka pwani kuwakusanyia Wazungu vitabu. Wajomba walimcheka: "Haya bibie, huo utenzi uko wapi?" Jamani, nilikereka kuliko yeye mwenyewe.

Mwalimu mwenzangu wa Kerege, Mkristo, ndiye aliyeniambia kwamba mapadri wa misheni walinunua vitabu vingi vya namna hiyo na bado wanavyo. Nikampeleka mama huko misheni.

Bruda mtunza maktaba, mtu wa bara, alitupokea vizuri. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama akavua ndala mlangoni. Bruda akasema hakuna haja. "Penye vitabu siingii na viatu," mama akamjibu. Bruda naye akavua vyake, soksi imetoboka kidoleni.

Mama akamghania beti za mwanzo alizozikumbuka. Bruda hakujua kusoma herufi zile, ila kitabu cha utenzi kwenye orodha yake kilikuwa kimoja tu, akakileta. "Bahati mbaya, mama, wataalamu waliandika kwamba hakina mwisho." Mtunzi wa utenzi hujitaja mwishoni. Bila mwisho, mama angebaki na maneno matupu.

Bruda akakifungua kutoka kushoto, kama afunguavyo vyake vyote. "Huu ndio ukurasa wa kwanza." Ulikuwa na mistari michache na mhuri mkubwa wa maktaba.

"We baba," mama akasema, "mbona mmeingilia mlango wa uani?"

Herufi za Kiarabu husomwa kutoka kulia, ila fundi aliyekijalidi alikiwekea jalada kama kitabu cha Kizungu, na mwisho ukageuzwa mwanzo. Bruda akajipiga kofi kwenye paji la uso, akacheka hadi machozi. Nami nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mapadri wale, na hata kwa yule mfanyabiashara, Mungu amrehemu. Vitabu vyetu vilivyobaki nyumbani vililiwa na mchwa vyote, hakikusalimika hata kimoja.

Mama akasoma kwa kidole, polepole. Kidole kikasimama.

"Babu katajwa?" nikamuuliza.

"Si babu."

Akanisomea kwa sauti. Mtunzi alikuwa mwanamke, na jina ni la bibi yake, mke wa huyo babu. Bibi ambaye ukoo mzima tulimsifia vitumbua tu. Katika ubeti wa mwisho alimwomba atakayeusoma amsomee Fatiha.

Mama akainua viganja hapo hapo, na Bruda akainamisha kichwa hadi alipomaliza. Kisha mama akalia, nami nikalia.

"Alikuwa akiniimbia haya akinisuka nywele," alisema, "nami nikimwambia, bibi, babu hodari!"