Kompyuta za Dada Sebuleni Nyakato

Serikali ilipofungua milango ya biashara huria, dada yangu alinunua kompyuta kuukuu kutoka ofisi za mjini, akaziunganisha kwa nyaya sebuleni kwetu Nyakato. Zote zilifanya kazi moja: kila moja ilichambua kipande chake cha picha ya ziwa iliyopigwa na setilaiti, ili zionyeshe magugumaji yalikoenea. Alitaka kuviuzia huduma hiyo viwanda vya samaki.

Meneja wa kiwanda kimoja alikuja, akatazama kwa makini.

“Kazi nzuri, dada. Ila mimi nahitaji mashine za kuandikia ankara. Hizi huwezi kuniuzia mojamoja?”

Mama, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe humo ziwani, akasogea karibu na skrini.

“Mji wetu wa Nansio uko wapi hapo, mwanangu?”

Dada akamwonyesha. Mama akapagusa taratibu, akatabasamu.

“Nitakuuzia,” dada akamwambia meneja, “lakini niache kwanza nimalize picha hii ya ziwa kwa ajili ya mama.”

Ilipokamilika aliichapa vipandevipande, tukaiunga kwa gundi, na mama akaibandika chumbani kwake. Kisha dada akafungua nyaya, akazipangusa kompyuta vumbi kwa kanga yake, polepole, kabla gari la kiwanda halijafika.