Jino la Dinosau kwa Gunia la Majani

Nilifunga jino la dinosau kwa majani chai, nikalilaza chini kabisa ya kapu langu, halafu nikachuma juu yake asubuhi yote. Ieleweke kwamba sikufanya hivyo kwa bahati mbaya. Nilifikiri kwanza. Mfuko wa shati langu hauna kifungo, mfuko wa suruali ulikuwa na misumari, na mimi sijui kitu laini kuliko majani mawili na chipukizi yaliyochumwa sasa hivi. Kwa akili yangu, jino lilikuwa limepata kitanda.

Nina meno tisa, yote ya dinosau wadogo waliokula nyama. Watu wakisikia dinosau wanafikiria kitu cha ukubwa wa kiwanda cha chai. Hawa wangu walikuwa kama mbwa, pengine kama ndama, na meno yao ni madogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ni ya kahawia, yamepinda kwenda nyuma, na ukingoni yana vimeno vingine vidogo zaidi kama msumeno. Kuviona vizuri lazima usimame dirishani na jino mkononi. Mimi nina muda wa kusimama dirishani. Safari yangu ya mbali kabisa ni soko la Mulot; nimefika mara nne, na mara zote nilikuwa nafuata ng'ombe.

Sikuchimba hata jino moja. Udongo wetu ulitokana na volkeno, na volkeno yenyewe ilikuja wakati hao wanyama walishaisha kitambo, kwa hivyo hata uchimbe vipi huwezi kuwakuta. Nimechimba vyoo viwili na nimehakikisha. Meno yangu hutoka kwa mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja sekondari. Siku hizi ni mpishi wa hoteli huko Moroko, ambako anasema wachimbaji wanauza meno kando ya barabara kama sisi tunavyouza viazi. Akipata mtu anayerudi nyumbani, ananitumia moja. Nayaweka kwa trei ya mayai, kila jino na shimo lake. Mke wangu ameniuliza yataanguliwa lini.

Sasa kuna mama tunayepakana naye shamba. Alikuja huku kutoka upande wa Kisii kufanya kazi ya kuchuma kwenye mashamba makubwa, akajinunulia kipande chake, na kwa kuchuma hakuna anayemfikia. Anaangalia kando kabisa, anaongea mambo ya ng'ombe wake, huku vidole vinachagua majani vyenyewe. Mimi ananiita Profesa, na si kwa heshima. Alikuwa ameshawaambia watu wote hadi kanisani kwamba Profesa anafuga meno ya mbwa kwa trei. Ndiyo maana siku hiyo nilibeba jino kubwa kuliko yote, lililokuwa limefika wiki tatu kabla. Nilitaka kumwonyesha pale senta ya kuuzia majani, mbele ya mashahidi.

Karani wa senta kwa kawaida hunimwagia majani mezani, akayachambua kama mtu anayetoa mawe kwa maharagwe, kisha akanituma nikakae kando nichague upya. Siku hiyo nilikuwa nimechuma laini tupu kwa sababu ya jino, mgonjwa wangu aliyelala kule chini ya kapu. Karani alipitisha kiganja mara moja tu, akasema leo nimechuma kama mtu. Nilifurahi sana. Majani yakapimwa, yakamiminwa kwenye gunia pamoja na ya watu wengine. Nilipoingiza mkono kapuni kutoa ushahidi, nilipata kapu.

Lori lilikuwa linasikika likipanda mlima. Nikinyamaza, jino litaenda kusagwa. Nikisema, majani ya senta nzima yatangoja, na majani yakingoja kwenye jua yanaungua. Nakiri kwamba nilifikiria jino kwanza. Halafu nikakumbuka senta moja ya jirani iliyopatikana na jiwe kwa gunia. Kiwanda kiliwaadhibu, wakakaa wiki nzima bila kuchukuliwa majani, wakati chai imeota vizuri, wakayamwagia ng'ombe.

Nikamwendea karani, nikamwambia nimepoteza jino kwa gunia. Aliniangalia mdomo. Nikamwambia si langu.

"Ni la nani?" akauliza.

"La dinosau."

Aliweka kalamu chini. Hakujua gunia ni lipi, kwa maana walikuwa wanajazia hapa na kuongeza pale, kwa hivyo akaamuru magunia sita yamwagwe juu ya turubai. Bila hivyo, alisema, hapakii kitu, na wa kujibu watu ni mimi. Dereva wa lori alizima injini, akasema atangoja mpaka amalize mahindi yake ya kuchoma. Alikuwa anakula mstari mmoja wa punje baada ya mwingine.

Watu walichuchumaa. Waliniletea kifungo, kizibo cha soda, kiwavi, na punje ya mahindi ambayo nilishuku ilitoka kwa dereva. Kila kitu nilikikataa kwa adabu. Mzee mmoja alisema yeye meno yake mawili ya chini yaling'olewa akiwa kijana, kama ilivyokuwa desturi ya rika lake, na hakuna aliyesimamisha lori. Watu walicheka. Kisha mama mwingine akanyanyua konzi ya majani yake, akanionyesha jinsi yalivyoanza kuwa mekundu pembeni. Hapo kicheko kikaisha, na dereva alikuwa amebakiza mistari miwili.

Jirani yangu hakuwa hata anaangalia turubai. Alikuwa anamweleza mwenzake kuhusu ndama aliyekataa kunyonya, mikono ikipita kwenye majani kama maji. Ghafla akakatiza hadithi katikati. Akafungua konzi, akapuliza, na jino hilo hapo, zima.

Watu wakaanza kurudisha majani kwenye magunia mbio mbio. Yeye alisimama, akaliinua jino kwenye mwanga kama ninavyofanya mimi dirishani, akapitisha kidole gumba ukingoni, akakiondoa haraka. Nilingoja akubali kwamba si la mbwa. Badala yake aliniuliza ni la zamani kiasi gani. Nikamwambia ni mamilioni ya miaka, lilikuwa ndani ya mwamba. Akauliza lilifika kwangu lini. Nikamwambia. Akaliweka kwenye kiganja changu, akanifunga vidole yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kama mtoto anayetumwa dukani.

"Profesa," akasema, "hii kitu imekaa kwa mawe mamilioni ya miaka na haikupotea. Kwako imekaa wiki tatu."