Tangazo kwa Baba Mkwe

Kabla ya vita nilikuwa natangaza chanjo, usafi wa mitaro na siku ya mnada. Nilikuwa na gari la halmashauri lenye spika mbili juu ya paa, na sauti ambayo, nisijisifu sana, watu wa Tukuyu waliifahamu kuliko sura yangu. Nikiuliza bei ya ndizi sokoni, muuzaji alikuwa anacheka kwanza ndipo anijibu. Wale wageni waliposhuka kutoka angani juu ya mlima Rungwe wakati wa masika, na mitandao ya simu ikafa, kazi yangu ilibadilika kwa siku moja. Nikawa mtu wa propaganda, ingawa ofisini tuliiita elimu kwa umma.

Kila asubuhi nilipewa maneno ya kusoma. Adui ni mnyama, haoni, hasikii, hana akili, na majeshi yetu yanasonga mbele. Niliyasoma Ibighi, nikayasoma Lupepo, kwa madaha yote niliyojaliwa. Sikuwa namdanganya mtu kwa makusudi. Sikuwa nimemwona hata mmoja wao, na ukisema jambo kwa spika mara nyingi, unaanza kuliamini mwenyewe.

Halafu wale wageni wakashuka mpaka Ikuti, kijiji cha wakwe zangu. Amri ikatoka kwamba adhuhuri ya kesho yake mizinga ingepiga mteremko wote wa juu. Watu wakahama na magodoro yao, wakaja kulala makanisani mjini. Aliyegoma kuhama ni mmoja tu, baba mkwe wangu.

Hapo lazima nieleze. Mimi si mtu wa huku. Nililetwa na ajira kutoka Morogoro, nikaolewa na Mnyakyusa nikabaki. Wengi siku hizi wameiacha ile mila ya mkwe kumkwepa baba wa mumewe, lakini familia yetu haikuwa imeiacha. Humtazami, humsemeshi, hutaji jina lake. Mkikutana njiani, unatoka njiani, unampa mgongo, unajifunika kitenge na kuchuchumaa mpaka apite. Naye anageuza uso na kuharakisha apite. Mwanzoni niliona kero tupu, nikamnunia mume wangu wiki nzima. Baadaye mwili ulizoea wenyewe. Nikisikia tu kikohozi cha mzee, nilikuwa nimeshachuchumaa. Nilikuwa nimezaa wajukuu zake wawili na sikuwahi kuuona uso wake vizuri.

Mume wangu alikuwa jeshini. Ndugu zake walikwenda kumbembeleza mzee, wakarudi peke yao. Nikabaki mimi, niliyeweza kusema na wilaya nzima isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa anakwenda kuuawa na mizinga yetu.

Asubuhi ile dereva alikataa kupita banda la kununulia majani ya chai. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, nikachukua kipaza sauti cha mkononi, nikapanda kwa miguu katika mvua.

Nilikiona nilipoingia kwenye migomba. Kilisimama katikati ya njia, kirefu kupita mgomba wowote, chembamba, chenye rangi ya maji ya mto. Hakikuwa na uso nilioweza kuutambua. Matone ya mvua yalikuwa yamesimama hewani pande zake zote, kila tone mahali pake, yaking'aa. Nilisikia mvua ikinyesha nyuma yangu, lakini pale mbele kulikuwa kimya. Sikupiga kelele. Uzuri wake ulinimaliza nguvu kabla woga haujafika.

Na mwili wangu ukafanya ulichozoea. Nikatoka njiani, nikakipa mgongo, nikavuta kitenge kichwani, nikachuchumaa.

Nilingoja kifo. Kilipochelewa, nikachungulia. Kile kitu nacho kilikuwa kimetoka njiani, upande wa pili. Kilikuwa kimenipa mgongo na kujikunja mpaka chini, na sehemu yake ya juu ilikuwa imejifunika ngozi yake yenyewe. Kilikuwa kinasubiri nipite.

Nikapita. Nilikuwa nalia, wala si kwa hofu. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunipisha kwa heshima kubwa namna ile.

Baba mkwe alikuwa amekaa barazani, ng'ombe wake amefungwa karibu. Aliposikia hatua zangu akageukia ukuta. Mimi nikajificha nyuma ya jiko, nikawasha kipaza sauti.

"Tangazo, tangazo! Mkazi aliyebaki Ikuti anaombwa kuondoka. Mizinga itapiga hapa adhuhuri. Familia yake inamhitaji. Wajukuu zake wanamhitaji sana."

Nikamsikia anasema, taratibu, na ng'ombe.

"Ng'ombe wangu, mwambie mtangazaji, ndaga fijo, asante sana kwa kuja. Nimesikia. Lakini hawa wageni wanapita hapa kila asubuhi. Wakiniona wanageuka, wanasubiri niingie ndani, ndipo wanapita. Mimi nimetangaziwa. Wao nani amewatangazia?"

"Ng'ombe," nikasema, "mwambie baba kwamba wale ni adui."

"Mwambie mtangazaji, basi nitakaa nao."

Nilimkasirikia mpaka masikio yakawaka. Kumtonya adui wakati wa vita, tena kwa kipaza sauti cha serikali! Ningefungwa, watoto wangebaki na nani? Lakini nilimjua mume wangu, na huo ukaidi alikuwa ameurithi pale pale barazani. Mzee asingeinuka. Na mimi nilikuwa nimetoka kupishwa njiani.

Nikaelekeza kipaza sauti mlimani.

"Wageni wetu," nikasema, na sauti yangu, ile niliyoringia wilaya nzima, ilipasuka. "Wageni wetu, tafadhali. Mizinga itapiga hapa adhuhuri. Pandeni juu. Ondokeni."

Migomba ikatikisika bila upepo. Nilidhani yuko yule mmoja tu. Wakaanza kuinuka, mmoja hapa, mwingine pale, halafu shamba zima. Walikuwa wametuzunguka muda wote, wamechuchumaa, wametupa mgongo, kwa kuwa mkwe na baba mkwe tulikuwa na mazungumzo. Mvua ikasimama hewani kutoka jikoni mpaka kwenye shamba la chai la jirani. Wakapanda mlima bila sauti, na hawakuchana hata jani moja la mgomba. Hata leo nikisimulia, mikono inanisisimka.

Baba mkwe akamfungua ng'ombe, akatangulia. Nikajifunika, nikamfuata kwa mbali, macho yangu kwenye visigino vyake.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alikuwa ananisubiri mimi.

"Mama, tumesikia kipaza sauti mpaka huku, ila maneno hayakukamatika. Ulikuwa unawatangazia akina nani? Huko juu si hakuna watu?"

Nikaficha kipaza sauti ndani ya kitenge. Askari akanisogelea.

Baba mkwe alisimama. Hakugeuka kunitazama, lakini safari hii hakupitisha maneno yake kwa ng'ombe.

"Alikuwa ananiita mimi," akamwambia. "Huyu ni binti yangu."