Mgongo wa Akello

Enzi zile, sisi watoto wa askari magereza pale Mbale tuliamshwa na filimbi ya gwaride, tukanawa miguu kwenye beseni moja na kunywa uji wa ulezi unaochoma ulimi. Kwetu kulikuwa na kazi moja zaidi kabla ya shule: kumpiga dada yangu Akello mgongoni.

Akello alikohoa tangu uchanga. Majirani wakasema ni kifua kikuu, wakawakataza watoto wao kula naye. Alimeza dawa za kifua kikuu miezi mingi, kikohozi kikabaki palepale. Kisha siku moja Mama akamwambia daktari mgeni, kwa utani tu, "Huyu ukimbusu, ni chumvi tupu." Daktari akaweka kalamu chini. Jasho lake likapimwa Kampala, likakutwa na chumvi kupita kiasi. Kumbe alizaliwa na ugonjwa unaofanya ute wa mapafu kuwa mzito, na bakteria hujificha humo. Alipewa dawa za kuwaua, lakini ute ulihitaji kutolewa kila siku, kwa mikono.

Akello alilala kifudifudi juu ya mito. Sisi tulikunja viganja kama vikombe, Baba akihesabu.

"Kushoto, kulia! Piga kama ngoma, si kama mwizi!"

"Afande, mimi si godoro!" Akello alimjibu.

Tulicheka, naye akacheka hadi akakohoa, ute ukatoka, akautema kwenye kopo. Baba alilichungulia. "Hiyo sasa ni kazi!"

Mwaka mmoja bakteria walimzidi. Midomo ikageuka rangi, akalazwa, na daktari hakutuahidi kitu. Mama alipiga mgongo ule hadi viganja vikavimba. Ndipo akaingia Mama Halima, jirani yetu aliyeuza vitunguu soko la Nakaloke, yeye aliyekuwa wa kwanza kuwakataza wanawe kula na Akello. Alitua chupa ya chai, akakunja mikono ya gauni.

"Mama Akello, umechoka. Nionyeshe."

Alikuja kila mchana hadi Akello akaruhusiwa kutoka.

Siku hizi Akello anafundisha Jinja, ana mashine ya kuvuta mvuke wa dawa. Vijana wa sasa, ukikohoa karibu nao, wanaongeza sauti ya simu. Sisi hatukuwa na mashine, ila kila mtu alikuwa na viganja. Juzi Akello alinipigia, sauti ikikwaruza. "Kifua kimejaa, mashine haitoshi. Una nafasi Jumamosi?"

Nilipanda basi la kwanza.