Benchi Linalolia

Kila Jumamosi seremala huingia kanisani, penseli sikioni, akapapasa mabenchi kwa kiganja kigumu kama gome, akitafuta msumari uliochungulia usije ukararua nguo ya mtu. Ndiye huyuhuyu ambaye zamani hakukanyaga hata kizingiti cha hapo. Mkewe alipomwomba aje alikaze benchi lake la pale dirishani, maana lilikuwa likilia kila akiketi kuomba, alicheka mpaka randa ikamponyoka. "Mama watoto, si mnasema Yesu wenu alikuwa seremala? Basi mwambieni alikaze yeye!" Mama watoto alikufa akimwombea yeye, wala hakujiombea uzima. Siku hizi mzee ndiye anayefungua kanisa, anayefagia, anayewashika mkono vikongwe wakipanda ngazi. Mabenchi yote yametulia tuli, ila lile la dirishani.

"Fundi, na hili je?" mama mmoja apangaye maua humuuliza.

"Hilo liache."

Akishabaki peke yake huliendea, akaketi polepole kuomba. Benchi likalia.

"Naam, mama watoto," huitikia, macho kayafumba. "Nimekuja."