Nyama ya Kiapo kwenye Eksirei

Miaka ya Emajensi, Waingereza walipokuwa wakiwasaka Mau Mau, nikiwa kwenye foleni ya eksirei kule Embu na mkono umevunjika, homgadi mmoja, mgambo wa serikali ya kikoloni, aliingia akimsukuma mzee.

"Piga huyu picha ya tumbo. Nataka kuona kama alikula nyama ya kiapo cha Mau Mau."

Mwanafunzi wa eksirei alijikuna kichwa. "Afande, mimi niko mwaka wa kwanza. Tunasoma mikono na miguu. Kifua ni mwaka wa pili, tumbo mwaka wa tatu."

"Jaribu tu!"

"Sawa. Basi simama naye hapo, niwapige nyote wawili pamoja."

Homgadi alishika tumbo, akatoka mbio, bunduki akaiacha mlangoni. Mashine haikuwa hata imewashwa, lakini picha tuliiona sote.